Pesa za chuo Marekani ambazo wengi hawaziombi: linganisha zinachodai, si kiasi tu

Oktoba ikifika FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya serikali kuu ya kulipia chuo, inafunguliwa, na familia zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani, ziwe zimetoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, huanza kupigiana simu. Mazungumzo huwa ya vitu viwili: Ruzuku ya Pell, msaada usiorudishwa wa serikali kuu kwa wenye kipato cha chini, na mkopo. Pell isipotosha, wanakimbilia mkopo. Katikati ya hivyo viwili kuna mafungu ya serikali kuu na ya majimbo ambayo hata washauri wa shule za sekondari mara nyingi hawayataji, na baadhi yake yanalipa zaidi ya Pell.

Shida ni kwamba mtu akishayagundua huyapanga kwa kiasi. Hili elfu nne, lile elfu saba, basi la elfu saba ndilo bora. Hapo ndipo watu hujikwaa. Kila fungu lina bei yake: lipo linalodai makaratasi tu, lipo linalodai mwaka wako kabla ya chuo, lipo linalodai miaka yako minne baada ya chuo, na lipo linalokudai uendelee kukaa jimboni hata ukipata kazi nzuri kwingine. Ndiyo maana hapa nayalinganisha kwa kile yanachodai, kiasi kinakuja baadaye.

Kabla ya yote, hati zako

Hapa nitakwenda haraka, lakini usiparuke. Misaada ya serikali kuu inayopitia FAFSA iko wazi kwa raia, wenye grini kadi, na pia wakimbizi waliopokelewa rasmi na watu ambao tayari wamekubaliwa hifadhi. Nimekutana na vijana waliokaa mwaka mzima wakisubiri grini kadi ndipo waombe Pell, ilhali hati yao ya ukimbizi ilikuwa inatosha tangu siku ya kwanza. Anayesubiri kesi ya hifadhi bado hajafika hapo. Mwenye TPS (ulinzi wa muda dhidi ya kurudishwa kwao), mwenye DACA (ulinzi wa walioletwa Marekani wakiwa watoto) na mwenye viza ya mwanafunzi hawamo, ingawa baadhi ya majimbo yana njia zao. California, kwa mfano, ina fomu yake ya pekee kwa wanafunzi wasio na hati.

Hati inayoangaliwa ni ya mwanafunzi. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti yake ya FAFSA na kutia saini sehemu yake.

Na jambo moja ambalo laiti lingebandikwa kwenye kila mlango wa kanisa na msikiti: kijana mkimbizi aliyetenganishwa na wazazi wake, wale walio kambini au wasiopatikana kabisa, anaweza kuiomba ofisi ya misaada ya chuo imhesabu kama mtu anayejitegemea. Sheria imetaja hadhi ya ukimbizi na hifadhi miongoni mwa mazingira yasiyo ya kawaida yanayokubalika. Yatima, yaani aliyefiwa na wazazi wote wawili wakati wowote tangu alipotimiza miaka 13, anahesabiwa hivyo moja kwa moja. Kijana akihesabiwa peke yake, kipato cha wazazi hakiingii kwenye hesabu, na cha mjomba anayeishi naye hakiingii kwa vyovyote.

Pell na dada yake asiyejulikana

Pell yenyewe inajulikana: kiwango cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka tangu mwaka wa masomo 2023–24, na mtu anaweza kuipata kwa jumla ya mihula 12 ya masomo kamili maishani. Ukistahili unaipata, chuo hakina la kusema. Ukihama chuo, inakufuata.

FSEOG, ruzuku nyingine ya serikali kuu, ni kinyume chake. Inatoa kati ya dola 100 na 4,000 kwa mwaka kwa wenye uhitaji mkubwa zaidi, hasa waliopata Pell. Lakini pesa zake hazikai Washington zikikusubiri. Serikali hukipa chuo fungu, chuo kinaligawa, likiisha limeisha. Wanafunzi wawili wenye kipato kilekile, mmoja akijaza FAFSA Oktoba na mwenzake Mei, wanaweza kupishana kwa maelfu ya dola kwa sababu ya kalenda tu. Na si kila chuo kimo kwenye mpango huu, wala ukihama haikufuati. Kwa hiyo unapolinganisha vyuo viwili, iulize kila ofisi ya misaada maswali mawili: mnatoa FSEOG? Na fungu lenu huisha mwezi gani? Ofisi nzuri itakujibu bila kuzungukazunguka.

Tukiwa hapo ofisini, kuna mlango mwingine. FAFSA hutumia kipato cha miaka miwili nyuma. Baba aliyepunguzwa kazini mwaka huu bado anaonekana kwenye fomu kama mtu mwenye mshahara. Sheria inamruhusu ofisa wa misaada kurekebisha hesabu kwa kuangalia hali ya sasa, ukimletea ushahidi: barua ya kuachishwa kazi, risiti za hospitali, hati ya talaka. Hii si ruzuku, lakini imewahi kugeuza "hustahili" kuwa Pell kamili, na anayeweza kukuomba uilete ni nadra. Wewe ndiye unayeanzisha.

Ya majimbo: inatangulia Pell au inajazia nyuma yake?

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo matangazo yanapochanganya watu zaidi. Jimbo likisema "chuo bure", uliza: pesa zenu zinalipa kabla ya Pell au baada yake?

Mipango mingi ni ya kujazia. Tennessee Promise, iliyopitishwa mwaka 2014, ndiyo iliyowafungulia wengine njia. Kwanza Pell na misaada mingine inalipa ada, kisha jimbo linajazia pengo lililobaki. North Star Promise ya Minnesota, iliyoanza msimu wa vuli mwaka 2024 kwa familia zenye kipato chini ya dola 80,000, inafuata mtindo huohuo. Opportunity Scholarship ya New Mexico, iliyopanuliwa mwaka 2022, inaenda njia nyingine: jimbo linalipa ada, na Pell inabaki mkononi mwa mwanafunzi kwa kodi ya nyumba, vitabu na nauli.

Tuweke namba, za mfano tu. Ada ya chuo cha miaka miwili iwe dola 4,600 kwa mwaka, na mwanafunzi ana Pell kamili ya 7,395. Kwenye mpango wa kujazia, Pell inalipa 4,600, zinabaki 2,795, na jimbo halitoi hata senti kwa kuwa ada imekwisha kulipwa. Kwenye mpango unaotangulia, jimbo linalipa 4,600 na Pell yote 7,395 inabaki. Mwanafunzi yuleyule, tangazo lilelile la "chuo bure", tofauti ya dola 4,600 kila mwaka.

Sasa mchukue mwanafunzi ambaye wazazi wake wanapata kidogo zaidi ya kiwango cha Pell. Yeye kwenye mipango yote miwili analipiwa 4,600. Maana yake ni kwamba mpango wa kujazia, pamoja na sifa zake, unamsaidia zaidi mtu wa kipato cha kati kuliko maskini. Sisemi uache kuomba. Omba, kwa sababu mipango mingi ina mshauri na inakusukuma ujaze fomu mapema. Ila usihame jimbo wala usikatae chuo kingine kwa ajili ya ahadi ambayo kwako itakuwa sifuri.

Masharti nayo yanatofautiana. Tennessee inataka mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari aombe kufikia Novemba 1, ahudhurie mikutano, na afanye saa nane za kazi ya kujitolea kwa kila muhula. Si mzigo, lakini ukikosa unaondolewa. New York ina Excelsior, iliyoanza mwaka 2017, na sasa ni kwa familia zenye kipato kisichozidi dola 125,000. Inafuta ada kwenye SUNY na CUNY, yaani vyuo vya umma vya jimbo na vya Jiji la New York, baada ya misaada mingine kulipa. Inataka krediti 30 kwa mwaka, na ukishahitimu uishi New York miaka ileile uliyofadhiliwa. Ukiondoka mapema, inageuka mkopo. Kwa kijana ambaye ndugu zake wote wako Ohio au Texas, hilo ni sharti zito kuliko linavyosikika ukiwa na miaka 18.

Mipango miwili inaanza mapema kiasi kwamba watu wazima tunaisikia ikiwa imeshatupita. Indiana ina 21st Century Scholars, ambayo mtoto huingizwa akiwa darasa la saba au la nane, na tangu sheria ya mwaka 2023 wanaostahili wanaandikishwa bila kuomba. Oklahoma's Promise inaombwa kuanzia darasa la nane hadi la kumi na moja. Kama una mtoto wa umri huo kwenye majimbo hayo, hili ndilo jambo la kulishughulikia kabla hujamaliza kusoma makala hii. Akifika mwaka wa mwisho wa sekondari, mlango umefungwa.

Watu wazima wasijione wamesahaulika. Michigan Reconnect iliyoanza mwaka 2021 na MassReconnect ya Massachusetts ya mwaka 2023 ziliundwa kwa ajili ya watu wa miaka 25 na zaidi wasio na shahada. Kentucky, ambako jamii ya Wakongomani ni kubwa, ina Work Ready Kentucky Scholarship kwa asiye na shahada ya miaka miwili au zaidi, anayesomea fani zenye uhitaji kama afya, ujenzi, uchukuzi, viwanda na kompyuta. Mama aliyefanya kazi ya kufunga mizigo ghalani kwa miaka kumi anaweza kurudi darasani kwa njia hiyo bila kuazima.

Zinazodai miaka yako

Kwenye kundi hili usisaini siku uliyoletewa karatasi. Nenda nyumbani, lala, kisha hesabu.

TEACH Grant inawalenga watakaokuwa walimu. Kiwango cha sheria ni dola 4,000 kwa mwaka, na makato ya bajeti yamekuwa yakikishusha hadi 3,772. Kwa malipo hayo unaahidi kufundisha miaka minne, ndani ya miaka minane baada ya kumaliza, kwenye shule ya watoto wa kipato cha chini, tena somo lenye upungufu wa walimu: hisabati, sayansi, elimu maalumu, lugha za kigeni, elimu ya lugha mbili au kufundisha Kiingereza kwa wageni. Hayo mawili ya mwisho ni nafasi ya wazi kwa mtu anayejua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza.

Mtego uko hapa: miaka minne ni ileile, uwe ulichukua ruzuku mara nne au mara moja. Aliyechukua dola 3,772 za mwaka mmoja anadaiwa utumishi sawa na aliyechukua zaidi ya 15,000. Na usipotimiza, ruzuku yote inageuka mkopo, riba ikihesabiwa kuanzia siku uliyopokea pesa, si siku uliyoshindwa. Hapo nyuma walimu wengi waligeuziwa ruzuku kuwa mkopo wakati wakiwa darasani wakifundisha, kwa sababu fomu ya mwaka haikufika au ilichelewa. Kelele zilipozidi, Wizara ya Elimu ililazimika kuweka utaratibu wa kuwarudishia, na kanuni zimelegezwa tangu wakati huo. Hata hivyo, mimi TEACH ningemshauri mtu mmoja tu: yule ambaye angefundisha shule hizo hata kama hakuna anayempa kitu. Kwake ni pesa za bure. Kwa mwenye "labda", ni mkopo uliovaa kanzu ya ruzuku.

Linganisha na Nurse Corps Scholarship ya wauguzi. Hii inalipa ada yote, gharama nyingine za masomo, na posho ya kila mwezi. Inadai angalau miaka miwili ya kazi kwenye kituo cha afya chenye upungufu mkubwa wa wauguzi. Ukifadhiliwa mwaka mmoja au miwili unadaiwa miwili, mitatu unadaiwa mitatu, na minne unadaiwa minne. Ukipima kinachotolewa dhidi ya kinachodaiwa, Nurse Corps inaishinda TEACH kwa mbali. Tofauti ni kwamba TEACH ukitimiza masharti unaipata, na Nurse Corps ni ya ushindani, dirisha lake hufunguliwa kwa wiki chache tu kwa mwaka, na wenye uhitaji mkubwa ndio hutangulizwa. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba.

National Health Service Corps (NHSC) ni jamaa yake wa ngazi ya juu: madaktari, madaktari wa meno, wakunga wenye leseni, wauguzi wa ngazi ya juu na wasaidizi wa madaktari. Inalipa ada na posho, inadai miaka miwili hadi minne kwenye maeneo yenye uhaba wa huduma. Ni kwa raia tu, grini kadi haitoshi. Na adhabu ya kuvunja mkataba ndiyo kali kuliko zote ninazozijua kwenye elimu: wanakudai mara tatu, pamoja na riba.

Kwa macho ya haraka, pamoja na AmeriCorps nitakayoieleza chini yake:

| Fungu | Linatoa | Linadai | Ukishindwa |
|---|---|---|---|
| TEACH | hadi $4,000 kwa mwaka kabla ya makato | miaka 4 ya kufundisha, bila kujali ulichukua kiasi gani | linageuka mkopo wenye riba ya tangu mwanzo |
| Nurse Corps | ada, gharama na posho | miaka 2 hadi 4 | unarudisha ulichopewa na riba |
| NHSC | ada, gharama na posho | miaka 2 hadi 4 | mara tatu, na riba |
| AmeriCorps | sawa na Pell ya juu kwa mwaka kamili wa utumishi | saa 1,700 kabla ya kulipwa | hudaiwi kitu, ila unaweza kukosa tuzo |

AmeriCorps: unatumikia kwanza

Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo inayonifanya niipende AmeriCorps, mpango wa serikali kuu wa kuitumikia jamii, kwa kijana asiyejua bado anataka nini. Unatumikia kwanza: shuleni, kwenye benki ya chakula, kwenye shirika linalowapokea wakimbizi. Unapata posho ndogo ya kujikimu, na ukimaliza saa 1,700 unapewa tuzo ya elimu yenye thamani sawa na Pell ya juu ya mwaka huo. Unaweza kujipatia tuzo zenye thamani ya miaka miwili kamili. Inalipa ada au mkopo uliokwisha kuchukua, na una miaka saba ya kuitumia. Hakuna mkataba unaokufuata baadaye.

Ina kasoro zake. Tuzo inakatwa kodi mwaka unaoitumia, na wengi hushtuka Aprili. Posho ni ndogo kiasi kwamba asiye na pa kulala kwa ndugu ataumia. Mkimbizi ambaye bado hajapata grini kadi hastahili tuzo, hivyo asubiri. Na uhakika umepungua: Aprili 2025 serikali ilikatisha ghafla ruzuku za miradi mingi ya AmeriCorps, vijana wakiwa katikati ya utumishi. Anayeachishwa kwa sababu isiyo yake anaweza kupata sehemu ya tuzo ikiwa ametimiza angalau asilimia 15 ya saa zake. Kwa hiyo tunza rekodi za saa zako mwenyewe, usitegemee mfumo wao peke yake.

Zinazotoka nje ya chuo kabisa

Ofisi ya misaada ya chuo haitakutajia hizi, si kwa ubaya, ila kwa sababu ni za idara nyingine.

Ya kwanza ni idara ya jimbo ya kuwarejesha kazini watu wenye ulemavu, inayoitwa Vocational Rehabilitation. Kila jimbo linayo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1973. Inaweza kulipa ada, vitabu, nauli na vifaa kama kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti, mradi masomo yanaelekea kwenye kazi iliyoandikwa kwenye mpango wako. Neno "ulemavu" ndilo linalowafukuza watu wetu, kwa kuwa kwetu mlemavu ni asiyeona au asiyetembea. Sheria hapa ni pana: kisukari kinachokuzuia kufanya kazi fulani, usikivu hafifu, mgongo ulioharibika kiwandani, hata majeraha ya akili yaliyotokana na vita. Anayepokea SSI au SSDI (malipo ya Social Security) kwa ulemavu wake huchukuliwa kuwa anastahili. Wana siku 60 za kukujibu na siku 90 nyingine za kuandaa mpango. Watakutaka uombe Pell kwanza, wao wanalipa yanayobaki. Baadhi ya majimbo yana foleni, na wenye ulemavu mkubwa hutangulia.

Ya pili ni WIOA, sheria ya mwaka 2014, inayopatikana kwenye vituo vinavyoitwa American Job Center. Inalipia mafunzo ya kazi: msaidizi wa muuguzi, dereva wa lori, fundi wa kuchomelea, mtu wa kompyuta. Kiwango cha juu kinapangwa na bodi ya eneo, hivyo kaunti mbili zinazopakana zinaweza kutoa kiasi tofauti. Wenye kipato cha chini, wanaopokea misaada ya serikali na wenye upungufu wa stadi za msingi hutangulizwa. Unahitaji kibali cha kufanya kazi. Kosa linalorudiwa kila mara: mtu anajiandikisha chuoni, analipa au anaahidi kulipa, ndipo anaenda kituoni kuomba arudishiwe. Harudishiwi. Nenda kituoni kwanza, kisha uchague kozi iliyo kwenye orodha yao ya watoa mafunzo walioidhinishwa.

Ya tatu ni mpya. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeruhusu Pell kulipia kozi fupi za kuanzia wiki 8 hadi chini ya 15, kuanzia Julai 1, 2026, ikiwa gavana wa jimbo ameidhinisha kozi hiyo. Kabla ya hapo kozi fupi kiasi hicho zilikuwa nje ya Pell. Ukiilinganisha na WIOA, Pell fupi haihitaji ofisa wa kituo akubali mpango wako, lakini inakula sehemu ya ile mihula 12 yako. Mwenye ndoto ya shahada ya miaka minne ningemwambia ajaribu WIOA kwanza na aitunze Pell yake. Mwenye miaka 45 anayetaka cheti na mshahara atumie Pell bila wasiwasi.

Kwa waliolelewa na serikali

Fupi, lakini ni la thamani. Kijana aliyekuwa chini ya malezi ya serikali, kwenye familia isiyo yake, anaweza kupata vocha ya elimu ya Chafee: hadi dola 5,000 kwa mwaka, kwa miaka isiyozidi mitano, mpaka atimize miaka 26. Vijana wakimbizi waliofika bila wazazi na kuwekwa kwenye mpango wa watoto wakimbizi wasio na walezi wanapata haki inayolingana. Haidai utumishi wala marejesho. Mlango ni ofisa ustawi wa jamii aliyekuwa na faili lako, hata kama hamjaongea miaka mitatu. Mtafute.

Mimi ningechagua vipi

Msichana wa miaka 18, ana Pell kamili, anataka uuguzi, ana grini kadi. Ningemwambia ajaze FAFSA wiki ya kwanza ili awahi FSEOG, aanze chuo cha miaka miwili kwa Pell, aangalie kama mpango wa jimbo unatangulia au unajazia, na aombe Nurse Corps mara atakapokubaliwa kwenye programu ya uuguzi yenyewe. Excelsior au TEACH hazimhusu.

Kaka wa miaka 20 aliyehitimu sekondari kwa tabu, hajui anataka nini, anaishi kwa dada yake. AmeriCorps, kama ana grini kadi. Mwaka mmoja wa kazi utamwonyesha mengi kuliko muhula wa kufeli, na muhula wa kufeli unakula Pell.

Baba wa miaka 41, mgongo umeharibika, hawezi tena kubeba mizigo. Wengi wangempeleka moja kwa moja kwenye kozi ya udereva wa lori kupitia WIOA, halafu mgongo umshinde tena. Mimi ningeanza na Vocational Rehabilitation, kwa sababu wao hupima kwanza mwili wake unaweza kazi gani, ndipo wanalipia masomo ya kazi hiyo. Wakiwa na foleni ndefu, WIOA ifuate, na kwa kozi ya kukaa mezani.

Mwalimu wa zamani kutoka Bukavu au Kigoma, ana miaka 35, anataka kurudi darasani kufundisha watoto wanaojifunza Kiingereza. Huyu ndiye mtu wa TEACH. Achukue kila mwaka anaostahili, maana deni la utumishi ni lilelile. Kila barua kutoka kwa wanaosimamia ruzuku yake aifungue siku inapofika, na nakala ya kila fomu aiweke kwenye faili moja nyumbani mpaka mwaka wa nne wa kufundisha uishe na apate uthibitisho kwa maandishi.

Na yeyote kati yao akipigiwa simu na mtu anayesema ameshashinda ruzuku ya serikali, alipe tu dola hamsini za kuishughulikia, akate simu. FAFSA ni bure, na hakuna hata fungu moja kati ya niliyoyataja linalotoza ada ya kuomba.